Injini ya Chevrolet 350 iliyotanuliwa kuwa 383 kwa kuvuta tela: niongeze presha ya petroli au ninunue nozeli kubwa?

Mvutatela (Aurora, Colorado)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu na injini za zamani za Chevrolet zenye nozeli mbili zinazomwaga petroli kutokea juu, mahali ambapo zamani palikaa kabureta.

Nina pikapu ya K2500 ya mwaka 1994, ile ya daraja zito yenye giaboksi ya otomatiki ya 4L80E. Injini yake ya lita 5.7, ambayo hapa Marekani huitwa 350 kwa hesabu ya inchi za ujazo, ilikuwa imechoka, na badala ya kuifanyia ovahoo ya kawaida nilikubaliana na karakana itanuliwe. Silinda zimechongwa kutoka kipenyo cha milimita 101.6 hadi 102.36, na krenki imebadilishwa ili pistoni isafiri milimita 95.25 badala ya 88.4, hivyo ujazo umepanda kutoka lita 5.73 hadi lita 6.27, yaani 383 kwa hesabu hiyohiyo ya inchi. Kemshafti iliyofungwa ni ya upole, iliyochaguliwa kwa ajili ya nguvu ya resi za chini na za kati.

Kazi ya gari ni kuvuta tela lenye kijiko kidogo, jumla yake karibu kilo 3,400, kutoka Aurora kwa barabara ya I-70 kupitia handaki la Eisenhower hadi Silverthorne na vijiji vya jirani. Mara chache huteremka nalo hadi bandari ya Houston nikivuta magari ambayo ndugu hununua kwa ajili ya kuyapeleka Bujumbura.

Nozeli zangu za zamani zimesafishwa na kupimwa, na kila moja ilitoa kilo 27.5 za petroli kwa saa kwenye presha ya PSI 13. Fundi aliyeitengeneza injini anakadiria kwamba itatoa nguvu za farasi 255 ikiwa usawa wa bahari, ilhali ya asili ilikuwa na nguvu karibu 200. Sasa nina maoni matatu mkononi. Duka la vipuri linanitaka ninunue nozeli pamoja na throtobodi ya injini ya 454, ambayo milango yake ya hewa ina kipenyo cha milimita 50.8 badala ya karibu 43 za kwangu. Rafiki mmoja anasema nifunge regulata ya kurekebika na kupandisha presha tu. Wa tatu anasema nitupe mfumo wote na kuweka kompyuta mpya inayojifunza yenyewe. Ningependa kujua ni njia ipi inayofaa gari la kuvuta mzigo, ni kitu gani kinapaswa kubadilishwa ndani ya kompyuta ya asili, na nitathibitishaje kwamba injini inapata petroli ya kutosha ikiwa mlimani na mzigo nyuma.

FundiPima (Minneapolis)

Ndugu Mvutatela, umefanya jambo ambalo wengi hulikwepa, nalo ni kupima nozeli kabla ya kuuliza. Kwa kuwa una namba hiyo, hatuna sababu ya kubishana kwa hisia.

Nozeli huchaguliwa kwa nguvu ambayo injini itatoa, si kwa ukubwa wa injini. Injini ya petroli isiyo na tabo, inapofanya kazi kwa bidii, hutumia takriban gramu 227 za petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Kwa nguvu 200 za asili hiyo ni kilo 45.4 kwa saa. Nozeli zako mbili kwa pamoja zinatoa kilo 55 zikiachwa wazi muda wote, kwa hiyo kiwandani zilikuwa zinafanya kazi kwa asilimia 82 au 83 ya muda wao katika kilele cha nguvu. Huo ndio mpaka wa busara, kwa sababu nozeli inahitaji muda wa kufunguka na kufunga, na ikisukumwa kupita asilimia 85 hivi huanza kutotii amri kwa usahihi. Mfumo huu hupiga nozeli kwa zamu, kila cheche ya pili nozeli ileile, na kwa resi 4,000 kila nozeli ina milisekunde 7.5 tu kati ya pigo moja na jingine. Unaona jinsi nafasi ilivyo finyu.

Kwa nguvu 255 unahitaji kilo 57.9 kwa saa. Ukitaka nozeli zifanye kazi kwa asilimia 80, kila moja iwe na uwezo wa kilo 36.2, yaani mara 1.32 ya ilio nao sasa. Petroli inayopita kwenye nozeli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, maana yake ili upate mara 1.32 ya petroli ni lazima presha iwe mara 1.73. Hapo PSI 13 inakuwa PSI 22.5. Inawezekana, lakini mimi sipendi kuziendesha nozeli hizi kwa presha hiyo kila siku, maana sindano yake inalazimika kufunguka dhidi ya msukumo ambao koili yake haikuundiwa, hasa umeme wa betri ukiwa umeshuka asubuhi ya baridi.

Lakini wewe si mkazi wa pwani. Denver, jirani na Aurora, iko mita 1,600 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 84 badala ya 101. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa uwiano huohuo, na pamoja na nguvu hupungua haja ya petroli. Kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi, umebaki na theluthi mbili tu za hewa. Kwa hesabu ya Denver, nguvu 255 za karatasini zinahitaji kama kilo 48 kwa saa, na presha ya PSI 16 inatosha kabisa. Tatizo lako la petroli haliko mlimani kama unavyodhani, liko Houston.

Kuhusu throtobodi ya 454, kwa resi unazovutia tela, ambazo nadhani ni kati ya 2,200 na 3,600, milango ya milimita 43 haiibani injini kiasi cha kukusumbua. Milango mikubwa itakupa pedali yenye wepesi wa kushtua unapojaribu kurudisha tela nyuma polepole, na itailazimu kompyuta ifundishwe upya namna ya kuishika injini ikiwa imetulia. Nozeli zake ni kubwa, hilo ni kweli, lakini nozeli iliyozidi huwa na pigo fupi mno kwenye saileni (injini ikiunguruma bila kukanyagwa), na pigo fupi halina usahihi.

Bi_Karakana (Dallas)

Nakubaliana na hesabu za FundiPima, ila naomba kuuliza jambo ambalo hesabu zote zimelitegemea bila kuligusa. Kaka Mvutatela, silinda hedi ni zipi? Kama ni zilezile za mwaka 1994, zenye ukuta ndani ya mlango wa hewa unaoifanya izunguke kabla ya kuingia kwenye silinda, basi nguvu 255 hutaziona. Hedi hizo ni nzuri sana kwa resi za chini, mchanganyiko unaungua vizuri na gari linavuta kutoka chini kama trekta, lakini ukikaribia resi 4,000 zinaanza kukataa hewa. Ukiongeza ujazo wa injini bila kuongeza upana wa njia, unapata nguvu zaidi ya kuvuta katika resi za chini, na kilele cha nguvu kinakuja mapema, katika resi za chini zaidi. Kwa tela hiyo ni habari njema. Kwa nozeli pia, kwa sababu haja ya petroli hufuata hewa iliyoingia kweli.

Sasa nije kwenye kompyuta, kwa kuwa naona huko ndiko ushauri wa duka la vipuri unapokosea zaidi. Kompyuta ya gari lako haina kifaa cha kupima hewa inayoingia. Inachosoma ni mgandamizo ndani ya manifoldi, resi, na joto, kisha inakisia hewa kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya injini ya lita 5.73 yenye kemshafti yake. Kila kisanduku cha jedwali hilo kinasema, kwa resi fulani na mgandamizo fulani, silinda hujaa kwa asilimia fulani. Baada ya hapo huchukua ujazo wa silinda na uwezo wa nozeli na kuamua nozeli ifunguliwe milisekunde ngapi. Ukibadilisha injini au nozeli bila kuiambia, itaendelea kuamini mambo ya mwaka 1994.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo ambalo limepotosha watu wengi. Ujazo wako umeongezeka kwa asilimia 9.4. Ukipandisha presha kutoka PSI 13 hadi 16, petroli ya nozeli inaongezeka kwa asilimia 10.9. Hizo mbili karibu zinafutana, kwa hiyo kompyuta ambayo haijaguswa itaiwasha injini vizuri na kuiendesha mjini bila manung'uniko, na mwenye gari ataandika mtandaoni kwamba presha inatosha na habari za chipu (kumbukumbu ya kompyuta yenye majedwali hayo) ni biashara ya mafundi. Kwenye mzigo mwepesi atakuwa amesema kweli. Ila jedwali la ujazaji halijui kwamba kemshafti imebadilika, na jedwali la taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha mchanganyiko, halijui kwamba silinda zimejaa zaidi kuliko zamani katika resi 2,500. Kosa hilo utalisikia injini ikigonga, yaani mchanganyiko ukilipuka vibaya ndani ya silinda, kwenye kona za Georgetown pale I-70, tela likiwa nyuma.

Mvutatela (Aurora, Colorado)

Dada Bi_Karakana, nimempigia fundi. Hedi ni zilezile za 1994, zimesagwa na kuwekwa valvu mpya tu. Amekiri kwamba 255 ilikuwa makadirio ya injini zake nyingine zenye hedi tofauti, na kwa hizi angesema nguvu 220 au 225. Resi za kuvutia ni hizohizo alizozitaja FundiPima; mlimani giaboksi hushuka gia ya pili na injini hukaa karibu 3,400 kwa muda mrefu.

FundiPima (Minneapolis)

Basi turudie kwa nguvu 225. Petroli ni kilo 51.1 kwa saa, kila nozeli iwe na uwezo wa kilo 31.9, ambayo ni mara 1.16 ya uwezo wako wa sasa, na presha inayohitajika ni PSI 17.5. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Nyumbani kwako Denver, kwa hedi hizo, nozeli zako zingetosha hata kwa PSI 13 zilizokuwapo.

Kwa hiyo nozeli kubwa usinunue. Funga regulata ya kurekebika, weka PSI 17.5, kisha iambie kompyuta ukweli kuhusu mambo mawili. Katika kompyuta nyingine za General Motors za kizazi hicho ujazo wa silinda na uwezo wa nozeli vimeandikwa mahali pawili, katika nyingine vimeunganishwa kuwa kima kimoja cha pigo la msingi. Kikiwa kimoja, kizidishe kwa 0.943, yaani kipunguze kwa karibu asilimia 6, kwa sababu ujazo umepanda mara 1.094 na nozeli mara 1.16. Usirekebishe kasoro hiyo kwa kuchezea jedwali la ujazaji, japo matokeo ya kwanza yatafanana. Siku utakapobadilisha presha tena jedwali lote litakuwa limejaa uongo.

Jambo zuri la mfumo huu ni kwamba nozeli zinamwaga juu ya vipepeo vya milango ya hewa, mahali ambapo mgandamizo ni ule wa hewa ya nje, kwa hiyo tofauti ya presha kati ya ndani na nje ya nozeli haibadiliki unapokanyaga au kuachia pedali. Regulata haihitaji mpira wa vakyumu. Kama muuzaji atakuuzia yenye mpira huo kwa bei ya juu, muulize ni ya nini.

Pampu ndiyo itakayokuumiza. Pampu iliyomo ndani ya tenki la gari lako iliundwa kwa presha ndogo, na kila presha inapopanda kiasi inachosukuma hupungua. Kilo 51 kwa saa ni kama lita 69, yaani zaidi kidogo ya lita moja kwa dakika, na hicho ndicho kinachochomwa tu, bila kuhesabu kinachopaswa kurudi tenkini ili regulata iwe na kitu cha kurekebisha. Mimi nisingekubali pampu isiyotoa lita mbili kwa dakika kwenye PSI 18, ikipimwa injini ikiwa na volti za kawaida za alternata. Kwa kuwa tenki litashushwa, badilisha pampu sasa, na waya wake wa umeme ukaguliwe, maana waya wa miaka 30 hula volti kimyakimya.

Presha ipimwe barabarani na mzigo ukiwa nyuma, si karakanani. Mafundi wengi hufunga geji ya presha nje ya kioo cha mbele, karibu na waipa, mpira wake ukipita kwenye mwanya wa boneti, ili dereva aisome akipanda. Usiiingize ndani ya kebini hata kwa dakika moja. Hiyo ni petroli yenye presha. Ikiwa geji inashuka kutoka 17.5 hadi 14 katikati ya mlima, hakuna chipu itakayokusaidia.

Gia80 (Columbus, Ohio)

Mimi ningependa kujibu lile pendekezo la tatu, la kutupa kompyuta, kwa kuwa limepita bila kujadiliwa na ndilo ghali kuliko yote.

Kaka, kompyuta ya gari lako la 1994 haiendeshi injini peke yake. Giaboksi ya 4L80E haina kebo ya kuiambia ibadilishe gia lini. Ni kompyuta hiyohiyo inayoamua gia, inayofunga klachi ya toki konveta, na inayopanga presha ya mafuta ndani ya giaboksi kulingana na nguvu inayokadiria kwamba injini inatoa. Ukiweka mfumo wa kujifunza wenyewe unaojali injini tu, giaboksi inabaki yatima, na itabidi ununue kompyuta ya pili kwa ajili yake. Zipo kompyuta za soko huru zinazoshika vyote viwili, kwa mfano Holley Terminator X Max, nazo hufanya kazi vizuri, lakini hapo umeshanunua waya mpya, sensa mpya, na saa nyingi za kupanga ubadilishaji wa gia wa gari la mzigo, ambao General Motors walikwisha kuupanga vizuri. Aidha, mkoa wa Denver una ukaguzi wa moshi, na gari lenye kompyuta ya kigeni huleta maswali ambayo gari lenye kompyuta ya asili haliulizwi.

Neno "kujifunza" nalo lina mipaka. Mifumo hiyo hujirekebishia petroli kwa kusoma sensa ya oksijeni. Taimingi ya cheche haijifunzi. Kwa gari la kuvuta tela taimingi ndiyo inayotoboa pistoni.

Kuna jambo la giaboksi linalohusu suala lako moja kwa moja. Kompyuta hukadiria nguvu ya injini kwa kufuata hesabu zake za hewa na pedali. Injini yako mpya inatoa nguvu kubwa zaidi katika resi 2,400 kuliko kompyuta inavyojua, kwa hiyo presha ya mafuta ndani ya giaboksi inaweza kuwa ndogo kuliko mzigo unaopita humo. Atakayekuandalia chipu aongeze kidogo presha hiyo katika safu za pedali ya kati, na wewe ufunge rejeta ya ziada ya mafuta ya giaboksi kama huna. Joto la mafuta hayo likiwa juu kuliko kawaida mlimani, usilaumu petroli.

Bi_Karakana (Dallas)

Ahsante kwa majibu ya hedi. Kwa nguvu 225 naona mpango wa FundiPima unatosha, na alichosema Gia80 kuhusu kuiacha kompyuta mahali pake nakiunga mkono. Nimalizie sehemu ya kuifundisha, kwa kuwa ndiyo uliyouliza mwishoni.

Kompyuta ya magari haya ya 1994 na 1995, inayojulikana kwa namba 16197427, ina chipu inayochomolewa, na programu ya TunerPro husoma na kuandika majedwali yake. Programu hiyohiyo husoma taarifa za injini inayotembea kupitia soketi ya pini 12 iliyo chini ya dashibodi. Kabla ya kusoma chochote, hakikisha distributa imewekwa kwenye alama iliyoandikwa kwenye lebo chini ya boneti, ule waya wa rangi ya udongo wenye mstari mweusi ukiwa umetenganishwa. Nimeona watu wakirekebisha jedwali la cheche usiku kucha kumbe distributa imekaa nyuzi sita pembeni.

Namba ya kuangalia kwanza ni ile ya marekebisho ya petroli ya muda mrefu. Ikiwa 128 kompyuta imeridhika na jedwali lake. Ikiwa 140 imelazimika kuongeza petroli kwa asilimia 9.4, na ikiwa chini ya 128 inapunguza. Endesha bila tela, kisha na tela kwenye barabara tambarare, na rekebisha visanduku vya jedwali la ujazaji hadi namba hiyo ikae kati ya 124 na 132. Sensa ya asili ya oksijeni ina waya mmoja na haina kichoma joto cha kwake, kwa hiyo gari likiwa kwenye saileni muda mrefu hupoa na kusema lolote. Ibadilishe iwe yenye waya tatu.

Kazi hiyo yote ni ya mzigo mwepesi na wa kati. Pedali ikikanyagwa zaidi ya kiasi fulani, kompyuta huacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali la kuongeza petroli. Kwa gari la kawaida mpaka huo uko mbali, kwa sababu dereva hukanyaga hivyo kwa sekunde chache akipita gari jingine. Wewe utakaa katika robo tatu ya pedali kwa dakika kumi mfululizo ukitoka Silver Plume kwenda handakini. Ukiuacha mpaka wa kiwandani, injini inaweza kubaki kwenye mchanganyiko wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli ikiwa imebeba karibu mzigo wake wote, na valvu za kutolea moshi ndizo zinazolipa. Ushushe mpaka huo katika resi 2,800 hadi 4,000, na ulenge mchanganyiko wa 12.8 hivi. Sensa ya asili haiwezi kukuthibitishia hilo. Fungia eksozi tundu la sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayoweza kupima hata mchanganyiko ulio mbali na 14.7, na uiache humo kwa msimu mzima.

Cheche zianze upande wa usalama. Punguza nyuzi tatu au nne katika resi 2,000 hadi 3,200 kwa visanduku vyote vya juu ya kilopaskali 70, halafu uzirudishe moja moja huku ukiangalia kama sensa ya kugonga inahesabu chochote. Colorado huuzwa petroli ya oktani 85 kama ya kawaida, desturi iliyotokana na hewa nyepesi ya huko. Injini iliyotanuliwa, yenye tela nyuma, usiinyweshe hiyo. Tumia 87 kama kiwango cha chini, na taimingi uipange kwa 87, si kwa bora zaidi, kwa sababu siku moja utajaza kwenye kituo kisicho na chaguo.

Limebaki suala la Houston, ambalo FundiPima aliligusa kwa upande wa nozeli. Ukipanga jedwali ukiwa Aurora, visanduku vya kilopaskali 85 hadi 100 hutavifikia hata ukanyage pedali hadi sakafuni, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe haifiki hapo. Vitabaki na namba za injini ya zamani, na utakutana navyo kwa mara ya kwanza ukiwa Texas, joto likiwa nyuzi 35 na gari la mtu likiwa juu ya tela. Usiviache hivyo. Fuata mwelekeo wa visanduku ulivyovithibitisha kati ya 60 na 80, uuendeleze hadi 100, uongeze petroli ya asilimia mbili au tatu juu yake, na cheche upunguze nyuzi tatu zaidi.

Safari ya kwanza ya kuteremka uifanye na tela jepesi kwa njia ya 287, kwa sababu njia hiyo inakushusha taratibu. Amarillo iko mita 1,100 hivi na itakufungulia visanduku vya 85 na kidogo juu yake. Fort Worth imekaribia bahari kiasi cha kukupa karibu vyote. Simama Amarillo, soma kumbukumbu ya masafa mapana na ya kugonga, urekebishe jedwali kwenye kompyuta ya mkononi, na uandike kwenye chipu ya pili ambayo utakuwa umeibeba pamoja na kifaa cha kuiandikia. Ile ya kwanza iweke kwenye droo ya gari, ikiwa na alama ya rangi, kwa ajili ya kurudi mlimani endapo ya pili itakataa.